Kuacha Sigara Katika Nyanda za Baridi: Mwongozo wa Mtu Aliyeshindwa Mara Mbili

Nilivuta sigara kwa miaka 22, na kila nilipoulizwa kwa nini siachi nilikuwa na jibu moja tu: baridi. Anayeishi Uyole au Igawilo anazijua asubuhi za mwezi wa 6 na wa 7, wakati pumzi ya mtu inapoonekana mbele ya uso wake na wapakiaji wa viazi wanapojikunyata kando ya lori saa 11 alfajiri, makoti yamefungwa hadi shingoni, wakisubiri magunia yaanze kupanda. Katika saa kama hiyo sigara hupita mkono kwa mkono pamoja na kikombe cha chai ya rangi, na hakuna anayeiona kuwa ni ugonjwa. Inaonekana kuwa ni moto mdogo ambao mtu anaweza kutembea nao mfukoni. Mimi ni muuza pembejeo, duka langu liko karibu na mahali malori hayo yanapopakia, na kwa miaka mingi nilikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuwasha. Huu ni mwaka wa sita tangu nilipoacha, baada ya kujaribu mara mbili na kurudi, na ninaandika haya kwa ajili ya mvutaji wa Mbeya, Songwe, Njombe au Iringa ambaye tayari anataka kuacha lakini hajui aanzie wapi. Sitatumia nafasi hii kumweleza kwamba sigara inaua, kwa kuwa ameshaambiwa mara nyingi. Nitamweleza kazi yenyewe jinsi inavyofanyika.

Baridi ndiyo ya kwanza kuondolewa

Naanza na baridi kwa sababu, kwa watu wa huku juu, hicho ndicho kisingizio kinachofufuka kila mwaka. Nikotini hubana mishipa midogo ya damu iliyo kwenye ngozi, hasa ya vidole vya mikono na miguu, hivyo damu inayofika huko hupungua na vidole hupoa zaidi kuliko vilivyokuwa kabla ya kuvuta. Joto ambalo mvutaji anadhani amelipata ni la moshi unaopita kooni, pamoja na nafuu ya ubongo uliokuwa ukidai nikotini na sasa umelipwa. Sikuyajua haya hadi binti yangu, akiwa na umri wa miaka 7, aliponishika mkono nilipokuwa nikiingia ndani kutoka barazani na kuniuliza, "Baba, mbona ukienda kuota moto wako unarudi na mikono ya baridi?" Nilimcheka, lakini kesho yake nilijichunguza: nilishika kikombe cha chai kabla ya kuvuta na baada ya kuvuta, nikagusa shavu langu kwa vidole mara zote mbili. Mtoto alikuwa amesema kweli.

Kwa hiyo jambo la kwanza kabisa ni kutafuta joto la kweli mahali pa lile la uongo. Nunua soksi za sufu na kofia ya kuvuta mpaka masikioni. Mitumba ya Mwanjelwa haikosi. Beba chupa ya chai ya tangawizi isiyo na majani. Mahali unaposimama asubuhi pawe na jiko la mkaa, na liwe mahali pa wazi, kwa kuwa hewa ya mkaa ndani ya chumba kilichofungwa nayo inaua. Yanaonekana kuwa mambo madogo, lakini mtu anayetetemeka saa 11 alfajiri mikono ikiwa mitupu hana nguvu ya kukataa chochote anachopewa.

Unachopigana nacho

Nilizaliwa wilayani Chunya, katika familia iliyolima tumbaku ya mvuke, na ada yangu ya shule ilitoka kwenye mabani ya kukaushia majani hayo. Tukiwa watoto tulipelekwa kuchuma majani alfajiri, yakiwa bado na umande, na kabla ya saa 4 mikono yetu ilikuwa imepakwa utomvu mweusi unaonata, ambao sabuni haikuutoa mpaka tuusugue kwa mchanga. Kuna siku nilitapika shambani mara tatu, kichwa kikizunguka, jasho la baridi likinitoka, na watu wazima wakasema tu kwamba tumbaku imenilevya. Leo najua kwamba ule ulikuwa ni ugonjwa unaofahamika vizuri: nikotini hupenya kwenye ngozi pamoja na maji ya majani. Nalieleza hili kwa sababu mvutaji mara nyingi hudhani kuwa anapigana na tabia yake mbaya au na udhaifu wa moyo wake, kumbe anapigana na kitu chenye nguvu ya kumlaza mtoto chini bila hata kuvutwa.

Ukivuta pafu moja, nikotini hufika kwenye ubongo katika muda wa sekunde 10 hadi 20, haraka kuliko hata ikidungwa kwenye mshipa wa mkono. Baada ya saa 2 hivi nusu yake huwa imeshaondoka mwilini, na ubongo uliozoea kuipata huanza kuidai kwa njia ya hasira, mikono isiyotulia, mawazo yasiyokaa mahali pamoja na hamu inayokaba. Hali hiyo ndiyo vijana wanayoiita arosto. Mvutaji wa muda mrefu huishi ndani ya arosto ndogo ndogo siku nzima, na kila sigara anayosema inamtuliza inamtuliza kutokana na sigara iliyotangulia. Hili nililielewa nikiwa nimekwisha acha, na laiti ningalilielewa mapema lingalinisaidia sana.

Daftari la wiki moja

Kabla hujaacha, vuta kwa wiki moja ukiwa na daftari. Hatua hii ndiyo iliyotofautisha jaribio langu la tatu na yale mawili ya kwanza, na kama utachukua jambo moja tu katika maelezo yangu, ningependa liwe hili. Nunua daftari dogo linaloingia mfukoni, ulifunge pamoja na pakiti kwa mpira wa kufungia noti, ili usiweze kuchomoa sigara bila kuligusa. Kabla ya kuwasha, na si baada ya kuwasha, andika saa, mahali, uliye naye, na unachohisi, halafu uipe hamu yako alama kuanzia 1 hadi 5.

Wiki ilipokwisha nilikaa na daftari langu jioni ya Jumapili, nikagundua mambo ambayo sikuyatarajia. Nilikuwa nikivuta wastani wa sigara 15 kwa siku, lakini zilizokuwa na alama ya 4 au 5 hazikuzidi 5. Hizo nyingine nilizivuta kwa sababu fulani amewasha, au kwa sababu nimesimama mahali ambapo huwa navutia, kama vile ngazi ya nyuma ya duka. Zile tano nzito nilizijua kwa majina, kwa namna ya kusema: sigara ya lori alfajiri, sigara ya baada ya ugali wa mchana, sigara ya mteja anayekuja kuomba mbolea kwa mkopo wakati hajalipa deni la msimu uliopita, sigara ya bia, na sigara ya mwisho barazani kabla ya kulala.

Kila moja niliiandalia kitu chake, kwa maandishi, kwenye kurasa za mwisho za daftari lile lile. Ya lori niliiandalia chai ya tangawizi na kusimama upande wa mizani, ambako upepo hauleti moshi. Baada ya ugali nilipanga kunyanyuka mara moja, kupiga mswaki na kutembea hadi barabara kuu na kurudi, mwendo wa dakika 10. Kwa mteja wa mkopo nilipanga kumwomba anisubiri, kwenda nyuma ya duka, kunywa bilauri nzima ya maji polepole, ndipo nirudi kuzungumza naye. Bia niliamua kuiacha kabisa kwa mwezi mmoja. Ile ya barazani ilinishinda kuipatia kitu cha kuiziba, mpaka mke wangu alipopendekeza kwamba tuhamishe kiti kutoka barazani kukiingiza ndani, nasi tukakihamisha.

Orodha yako haitafanana na yangu. Dereva wa masafa atakuta sigara zake ziko Igawa, Makambako na Mafinga, kila mahali anapopumzisha gari. Mchimbaji wa dhahabu wa Chunya atazikuta mdomoni mwa shimo. Mfanyakazi wa mashamba ya chai ya Mufindi atazikuta kwenye kituo cha kupimia majani. Ndiyo maana ushauri wa jumla wa "jikaze tu" haumsaidii mtu. Hamu ya sigara haikai hewani. Ina saa yake, mahali pake na mwenzake, na mtu akishazijua anaweza kuzikuta zikiwa njiani.

Siku, na namna ya kuacha

Jaribio langu la kwanza lilikuwa la kupunguza. Nilishuka kutoka sigara 15 hadi 10, kisha hadi 5, na hapo nikakwama, kwa kuwa kila moja ya zile tano ilikuwa tamu kuliko sigara yoyote niliyowahi kuvuta maishani. Nilizihesabu saa kama mfungwa. Baada ya miezi miwili ugomvi mdogo wa dukani ulinirudisha kwenye 15 ndani ya siku 2. Baadaye nilisoma kuhusu utafiti uliofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2016, uliowahusisha watu karibu 700: kati ya walioacha mara moja siku iliyopangwa, asilimia 49 walikuwa bado hawavuti baada ya wiki 4, na kati ya waliopunguza kwanza, asilimia 39. Wapo wanaofanikiwa kwa kupunguza, lakini kwa maoni yangu mtu anayeweza kuacha kwa mkupuo afanye hivyo.

Jaribio la pili lilianza tarehe 1 Januari, na hapo nilikosea siku. Mwaka mpya huku kwetu ni wakati wa wageni, wa ndugu waliotoka Dar es Salaam na pakiti zao, na wa masika ambayo ndani yake ulanzi, pombe ya mianzi, hugemwa kwa wingi Njombe na Iringa. Chagua badala yake wiki ya kawaida kabisa, isiyo na harusi wala safari wala hesabu za kufunga mwaka. Mimi mara ya tatu nilichagua Jumatatu ya mwezi wa 9, baridi ikiwa imeanza kulegea na msimu wa kuuza mbegu ukiwa bado haujachanganya. Siku mbili kabla yake nilifua makoti yote, nikatupa viberiti na kile kibakuli cha majivu, nikawaambia watu wanne: mke wangu, wapakiaji, rafiki yangu wa jioni, na mwenye kibanda.

Huyo wa nne usimsahau. Wengi wetu hatununui pakiti, tunanunua moja moja, mara nyingine kwa mkopo, na urahisi huo wa reja reja ndio unaomrudisha mtu akiwa hata na shilingi 200 mfukoni. Nilimlipa mwenye kibanda deni lote, nikamwomba asiniuzie hata nikimbembeleza, na alitii, ingawa nilikuwa mteja wake mzuri. Siku ya tatu nilimbembeleza kweli. Alinipa pipi ya kijiti, akakataa hela yangu.

Dawa zipo, na si aibu kuzitumia

Kati ya watu 100 wanaoacha bila msaada wowote, ni 3 hadi 5 tu wanaokuwa bado hawavuti baada ya nusu mwaka hadi mwaka. Takwimu hii haipaswi kumkatisha mtu tamaa, bali imwondolee fahari ya bure ya kutaka kushinda peke yake. Dawa za kurudishia nikotini bila moshi, yaani plasta ya kubandika kwenye ngozi na bigijii ya kutafuna, huongeza uwezekano wa kufaulu kwa zaidi ya nusu ya ule wa awali, na Shirika la Afya Duniani liliziingiza katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2009. Mwaka 2021 liliongeza vidonge vya aina mbili, bupropioni na vareniklini, ambavyo ni lazima daktari avitoe; bupropioni, kwa mfano, haifai kwa mtu mwenye kifafa.

Usisubiri siku yenyewe ndipo utafute. Maduka mawili ya dawa niliyoanza kuuliza mjini Mbeya hayakuwa na bigijii za nikotini, na la tatu liliniagizia zikachukua siku kadhaa kufika. Bei yake kwa wiki ilizidi ile niliyotumia kwa sigara, lakini nilikuwa najua kwamba gharama hiyo ina mwisho wake. Anayewasha sigara ya kwanza ndani ya nusu saa baada ya kuamka hupewa ya miligramu 4. Anayechelewa zaidi ya hapo humtosha ya miligramu 2.

Bigijii hii haitafunwi kama ile ya dukani, na kosa hilo huwafanya wengi waitupe siku ya kwanza wakisema inachoma koo na kuleta kwikwi. Itafune polepole mara chache mpaka ladha kama ya pilipili ianze kutoka, halafu isimamishe kati ya shavu na ufizi, uiache hapo ikifanya kazi. Ladha ikififia, itafune tena mara chache, uisimamishe upande wa pili, na uendelee hivyo kwa nusu saa hivi. Usinywe kahawa, soda wala maji ya matunda katika dakika 15 kabla yake wala ikiwa mdomoni, kwa sababu uchachu wa vinywaji hivyo huzuia nikotini kupenya. Mjamzito, mwenye ugonjwa wa moyo au anayetumia dawa nyingine azungumze kwanza na mhudumu wa afya. Anayemeza aminofilini kwa ajili ya pumu aseme wazi kwamba anaacha sigara, kwa kuwa moshi huufanya mwili uiondoe dawa hiyo haraka, na moshi ukikoma kipimo cha zamani huenda kikawa kikubwa mno.

Kuhamia kwenye ugoro au msokoto wa gazeti si kuacha. Ugoro una nikotini ile ile na huleta saratani ya kinywa, na msokoto hauna hata kichungi.

Siku tatu, kisha wiki tatu

Siku ya kwanza ilipita kwa nguvu ya uamuzi. Ya pili na ya tatu ndizo kilele, na ni vizuri kuzingojea ukiwa umejipanga. Nilikuwa mkali kwa watoto, nilikosea chenji mara mbili, na usiku nililala kwa muda wa saa 3 tu. Kilichoniokoa ni kujua kwamba kila wimbi la hamu, hata liwe kali namna gani, hupanda na kushuka ndani ya dakika chache, kwa kawaida 3 hadi 10, uvute usivute. Nilikuwa naangalia saa ya ukutani. Wimbi likija nilikuwa nabeba kitu: mfuko wa mbolea kutoka upande mmoja wa stoo hadi mwingine, ndoo ya maji, chochote kizito kinachotaka mikono miwili, na nikimaliza kukipanga nilikuta wimbi limeshapita. Kwa wiki ile stoo yangu ilipangwa upya mara nne.

Lipo jambo moja ambalo hakuna aliyeniambia, na linawagusa watu wa mikoa hii inayolima kahawa na chai. Moshi wa sigara huliamsha ini liivunje kafeini haraka kuliko kawaida. Mtu akiacha, ini hutulia, na kikombe kile kile alichozoea hukaa mwilini kwa muda mrefu zaidi. Mimi nilikuwa nakunywa vikombe vinne vya kahawa ya Mbozi kwa siku, na usiku wa tatu moyo ulinidunda hadi nikaketi kitandani nikiamini kwamba mwili umeshindwa kuishi bila sigara. Kumbe sehemu kubwa ya mtetemeko ule ilikuwa ni kahawa. Nilipopunguza hadi vikombe viwili, vyote kabla ya saa 6 mchana, usingizi ulirudi ndani ya siku tatu. Mnywaji wa chai nzito ya Tukuyu afanye hivyo hivyo.

Baada ya siku hizo mwili hutulia polepole kwa wiki 2 hadi 4. Choo huweza kuwa kigumu, na dawa yake ni maji, parachichi na mboga. Kikohozi mara nyingine huongezeka badala ya kupungua, kwa kuwa vinyweleo vya njia ya hewa vilivyokuwa vimelemazwa na moshi vimeanza tena kuusukuma uchafu nje. Hata hivyo kikohozi kinachozidi wiki 2, chenye damu, au kinachoambatana na kukonda na jasho la usiku kipelekwe kituo cha afya kikapimwe kifua kikuu bila kusingizia sigara. Wavutaji hukipata kifua kikuu kwa urahisi zaidi kuliko wasiovuta, na waliofanya kazi kwenye vumbi la machimbo wana sababu ya pili ya kupimwa. Njaa nayo itaongezeka. Wengi huongezeka kilo 4 hadi 5 katika mwaka wa kwanza, na mimi niliongezeka 6. Nilikula karanga nyingi mno. Sijutii hata kilo moja kati ya hizo, na nyingi zimeshapungua.

Msibani

Sasa nieleze mahali nilipoanguka mara ya pili, kwa sababu ndipo wengi wetu wa mikoa hii huangukia. Nilikuwa nimekaa wiki 10 bila sigara, tangu Januari hadi katikati ya Machi, na niliamini kwamba kazi imekwisha. Alifariki mjomba wangu katika kijiji kilicho mbele ya Makambako. Usiku wanaume tulikaa nje tukiota moto, mvua imenyesha mchana kutwa, na ulanzi mkangafu, yaani uliochacha na kuwa mkali, ukawa unazunguka katika vikombe vya plastiki. Pembeni yangu aliketi binamu yangu ambaye tulijifunza kuvuta pamoja. Hakunishawishi. Aliwasha ya kwake, akaniangalia machozi yakimtoka, akainyoosha pakiti kwangu bila neno, na kuikataa wakati ule nilikuona kama kuukataa mkono wake. Nilivuta moja. Asubuhi nilivuta tatu, na Jumatatu niliporudi Mbeya nilinunua pakiti.

Kuna makosa matatu pale, na kila moja lina tiba. La kwanza ni pombe: hulegeza kamba zote alizozifunga mtu, na kwa mwezi wa kwanza mpaka wa pili ni bora kukaa mbali nayo, hata ile ya kienyeji tunayoihesabu kama chakula. La pili ni kwamba nilikwenda mikono mitupu. Tangu hapo sijakwenda msibani bila karanga mfukoni, vipande vya tangawizi mbichi na, katika miezi ile ya mwanzo, bigijii mbili tatu za akiba. Na huwa naomba kazi mapema, kuchanja kuni au kuchota maji au kupanga viti, kwa maana anayefanya kazi msibani haonekani kuwa anajitenga. Ukinyooshewa pakiti, upokee mkono wenyewe. Mshike mwenzako mkono, ukae naye. Nimefanya hivyo mara nyingi baada ya hapo, na hakuna hata mmoja aliyeona nimemkataa.

Kosa la tatu ndilo kubwa. Ile sigara moja ya usiku haikuwa na nguvu ya kunirudisha. Kilichonirudisha ni kujiambia asubuhi yake kwamba, kwa kuwa nimeshavunja, basi yamekwisha. Ikikutokea kuteleza, tupa iliyobaki, andika kwenye daftari saa na mahali ilipotokea, mwambie mmoja wa wale watu wanne siku hiyo hiyo, kisha endelea kuhesabu siku zako pale pale ulipofikia. Mhudumu mmoja wa afya aliniambia kwamba watu wengi waliofaulu walijaribu zaidi ya mara moja, na kwamba kila jaribio humfundisha mtu sigara yake mojawapo. Langu la pili lilinifundisha ya msibani.

Unachopata, na lini

Mapigo ya moyo hushuka katika dakika 20 baada ya sigara ya mwisho, na hewa ya sumu ya kaboni monoksidi katika damu hurudi kwenye kiwango cha kawaida katika muda wa nusu siku hivi. Kati ya mwezi 1 na miezi 9 baada ya kuacha, kikohozi na kuishiwa pumzi hupungua. Mimi nililitambua hilo kwenye mlima wa kupanda kwetu, ambao nilikuwa naupumzikia mara mbili, na siku moja nikajikuta niko mlangoni bila kusimama. Baada ya mwaka 1 hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo huwa karibu nusu ya ile ya anayeendelea kuvuta, na baada ya miaka 10 hatari ya kufa kwa saratani ya mapafu nayo hufika karibu nusu. Harufu ilirudi mapema kuliko yote. Wiki ya tatu nilisikia harufu ya udongo wa Uyole mvua ya kwanza ilipougusa, nikasimama katikati ya barabara nikiivuta ndani.

Kuhusu fedha, usizihesabu tu, zitenge. Sigara zangu 15, kila moja kwa shilingi 200, zilikuwa shilingi 3,000 kwa siku, na kwa mwaka shilingi 1,095,000. Zikiachwa mfukoni hupotea bila kuonekana, kwa hiyo kila jioni niliziweka kwenye kopo ambalo mke wangu alikuwa na ufunguo wake. Za miezi minne ya mwanzo zilinunua bati za jiko letu.

Mwaka huu mmoja wa wapakiaji, kijana wa miaka 24 ambaye mke wake anatarajia mtoto, alinijia dukani akaniuliza, "Mzee, hivi wewe uliachaje?" Sikumpa maneno mengi. Nilimpa daftari, kalamu na mpira wa kufungia noti, na ameandika kwa siku sita sasa, kwa mwandiko wake mkubwa, saa na mahali na alama. Siku yake ni Jumatatu ijayo. Tumekubaliana kwamba saa 11 alfajiri, lori la kwanza litakapoanza kupakia, atasimama nami upande wa mizani, na chupa ya tangawizi nitaibeba mimi.